Tiro, Mahali pa Kuanikia Nyavu

Mwezi huu twawaletea habari za safari yetu ya mwaka 2018 mpaka mji wa Tiro, katika nchi ya Lebanoni, kando ya Bahari ya Mediterania. Hatuzileti kwa ajili ya kuwafurahisha wapendao kusikia mambo ya mbali tu. Tulikwenda huko kwa sababu tulikuwa na deni, na deni lenyewe ni hili.

Katika darasa la ubatizo tulikuwa tukifundisha habari za manabii. Siku moja tulifika katika kitabu cha Ezekieli, mlango wa 26, ambapo nabii anautangazia mji wa Tiro hukumu ya Mungu. Anasema kwamba mataifa mengi yataujia kama bahari iletavyo mawimbi yake. Kuta zake zitabomolewa. Mawe yake na miti yake na mavumbi yake yatatupwa majini. Utabaki jabali tupu ambapo wavuvi wataanika nyavu zao, wala hautajengwa tena. Nasi, kwa bidii ya kutaka kuwathibitishia wanafunzi neno la Mungu, tuliongeza maneno tuliyokuwa tumeyasoma zamani katika kijitabu kimoja: ya kuwa hata leo mahali pale hapana mtu akaaye, ila wavuvi wachache maskini. Wanafunzi wakastaajabu, nasi tukarudi nyumbani tumefurahi, tukidhani tumefundisha vema.

Juma lililofuata kijana mmoja mpole, asiyezoea kusema sana, aliinua mkono. Alikuwa ametafuta picha za mji ule katika simu ya kaka yake, akatuonyesha. Tukaona nyumba nyingi, maduka, magari, na watoto wakioga pwani. Akauliza kwa adabu, "Mwalimu, mji huu ndio Tiro, na watu wamo. Basi aliyekosa ni nani, nabii au sisi?"

Tulimjibu kwa maneno mengi yasiyokuwa na kitu ndani yake. Kijana akakaa kimya. Jumapili iliyofuata hakuja darasani, wala ya pili yake. Wazee wetu walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Na neno la mwalimu ni kama maji hayo. Basi nafasi ya kusafiri ilipopatikana, wengine katika msafara wetu walitamani kuiona mierezi ya Lebanoni, lakini sisi tulikuwa na shauri moja tu moyoni: tuione Tiro kwa macho yetu, tukiwa na Biblia mkononi.

Aliyefuatana nasi ni mzee mmoja wa kanisa letu, aliyekuwa mvuvi katika pwani ya Tanga kabla ya macho yake kudhoofika. Tulipanda ndege mpaka Addis Ababa katika Uhabeshi, na kutoka huko tukaruka mpaka Beirut. Tunaomba msomaji asisahau kwamba tulipita Uhabeshi, maana mwishoni mwa habari hii tutairudia nchi hiyo kwa sababu ambayo wakati ule hatukuifikiri.

Kutoka Beirut mpaka Tiro ni mwendo wa kilomita 80 hivi kwenda kusini, na bahari iko mkono wa kuume njia nzima. Katikati ya safari tulipita Sidoni. Mbele yake kidogo ni kijiji cha Sarafand, ambacho ndicho Sarepta ya Maandiko, mahali pale Nabii Eliya alipomwomba mjane kipande cha mkate. Tukavuka mto Litani, tukaingia katika mashamba ya migomba na michungwa. Mzee alipoiona migomba alicheka, akasema, "Mwalimu, nilidhani tumetoka nyumbani, kumbe nyumbani kumetufuata." Halafu barabara ikapinda, tukauona mji umeingia baharini kama mkono ulionyoshwa.

Zamani haukuwa hivyo. Katika siku za Ezekieli mji ulikuwa kisiwa, mbali na nchi kavu kadiri ya mita 700 au 800. Mkabala wake, upande wa bara, ulikuwako mji mwingine uliouhudumia, na Wayunani waliuita Tiro ya Kale. Kisiwa kilipata maji na chakula kutoka bara, na bara ilipata ulinzi na mali kutoka kisiwani. Mfalme wa Tiro, Hiramu, ndiye aliyempelekea Sulemani mierezi na mafundi wa kujenga Hekalu. Watu wa Tiro walijua kutengeneza rangi ya zambarau kutoka kwa konokono wa baharini, na nguo za rangi hiyo zilivaliwa na wafalme. Merikebu zao zilikwenda mpaka mwisho wa Mediterania, na huko Afrika ya Kaskazini waliujenga mji wa Karthago. Ezekieli katika mlango wa 27 anazihesabu bidhaa zao kama karani wa forodha: fedha, chuma, bati, farasi, pembe za ndovu, mpingo, ngano, asali na mafuta. Mji kama huo, uliozungukwa na bahari, haukuona sababu ya kumwogopa mtu. Nabii asema kwamba mfalme wao alifika hata kujiita mungu.

Tulianza matembezi yetu pwani ya kusini, palipo magofu ambayo wenyeji huyaita Al-Mina. Nguzo ndefu za mawe zimesimama safu mbili, na njia iliyo kati yao inashuka kuelekea baharini. Nyingi za nguzo hizi ni za wakati wa Warumi, si za wakati wa Ezekieli. Tulipofika ukingoni tuliona mawe mengine yaliyochongwa yamelala chini ya maji, na samaki wadogo wanapita kati yake. Mzee alivua viatu, akasimama majini mpaka magotini, akalipapasa jiwe moja kwa mkono wake. Hakusema neno kwa muda mrefu.

Kisha tukaenda kwenye bandari ya kaskazini, penye mashua za wavuvi zilizopakwa rangi nyingi, karibu na mtaa wa Wakristo wenye vichochoro vyembamba. Hapo tuliona jambo tulilokuwa tumelisoma. Nyavu zilikuwa zimetandazwa juani juu ya mawe, na mvuvi mmoja mzee ameketi chini akishona palipochanika. Mzee wetu hakungoja mkalimani. Aliketi karibu naye, akaushika upande wa pili wa wavu, akaanza kuangalia mafundo. Mmoja anajua Kiarabu, mwingine Kiswahili; lakini walipotaja bahari na samaki na merikebu, walielewana, maana maneno hayo ni ndugu katika lugha zote mbili.

Baadaye dereva wetu alitufasiria. Tulimweleza mvuvi yule kwamba nabii wa Mungu, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, alinena juu ya nyavu kuanikwa mahali hapa. Akatabasamu, akajibu, "Babu yangu alianika hapa, na baba yangu alianika hapa, nami ninaanika hapa. Lakini waambieni watu wa kwenu kwamba sisi pia tunaishi hapa."

Ndugu, neno hilo lilituchoma. Tulikuwa tumekuja kuzitazama nyavu ili zishuhudie upande wetu, na mwenye nyavu alitukumbusha kwamba yeye ni mtu. Tiro ya leo ni mji wa makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waislamu, na Wakristo wamo pia. Wana shule, masoko na hospitali. Yule kijana wa darasa letu alisema kweli. Kijitabu chetu ndicho kilichokosa.

Hata hivyo kosa lake lina asili yake, nasi tumeona vema kuieleza, ili walimu wengine wasianguke shimo tuliloanguka sisi. Mwaka 1291 majeshi ya Wamamluki wa Misri yaliutwaa mji huu kutoka kwa Wazungu wa vita vya msalaba, ukabomolewa, ukabaki magofu kwa karne nyingi. Mwaka 1697 kasisi mmoja Mwingereza, jina lake Henry Maundrell, alipita hapo katika safari yake kwenda Yerusalemu. Aliona magofu, na watu wachache maskini waliokaa ndani yake na kuishi kwa uvuvi, akaandika alichokiona. Lakini katika karne iliyofuata watu walianza kuujenga mji tena. Walioandika vijitabu waliendelea kuyanakili maneno ya Maundrell, kitabu baada ya kitabu, kana kwamba yameandikwa jana. Nasi habari ya mwaka 1697 tuliwafundisha wanafunzi wetu kuwa ni habari ya leo. Maundrell hakusema uongo, wala nabii hakusema uongo. Aliyekosa ni mwalimu asiyeuliza tarehe.

Siku ya pili tuliitembelea ile njia iliyokiunganisha kisiwa na nchi kavu. Mgeni asiyeambiwa hawezi kuitambua, kwa sababu leo ni ardhi pana yenye nyumba na barabara. Habari yake ni hii. Mwaka 332 kabla ya kuzaliwa Kristo, Aleksanda Mkuu, mfalme wa Makedonia, alifika hapa na jeshi lake. Watu wa Tiro wakakataa kumfungulia, maana waliitumaini bahari. Naye hakuwa na merikebu za kutosha. Basi aliamuru Tiro ya Kale, ule mji wa bara, ibomolewe, na mawe yake yatupwe baharini pamoja na miti iliyokatwa milima ya Lebanoni, ili kufanya njia ya kupita askari. Habari hizi ziliandikwa na wanahistoria wa kale wasiokuwa Wayahudi wala Wakristo, wasiokuwa na haja ya kumsaidia Ezekieli. Kazi ilichukua miezi saba. Mwisho Aleksanda alipata merikebu za Sidoni na za Kipro, mji ukatwaliwa, na maelfu ya watu wakauawa au wakauzwa utumwani. Mchanga wa bahari ukajikusanya pande mbili za ile njia, mwaka hata mwaka, na kisiwa hakikuwa kisiwa tena. Wataalamu waliochunguza udongo wa mahali hapo walieleza mwaka 2007 kwamba chini ya maji ulikuwapo ukingo wa mchanga uliomrahisishia Aleksanda kazi. Bahari ile ile waliyoitumaini ilikuwa imekwisha kuandaa njia ya adui.

Tulisimama kando ya barabara, magari yakipita, Mzee akauliza, "Mawe ya ule mji wa bara yako wapi?" Tukamwonyesha chini ya miguu yetu. Akainama, akautazama udongo, akasema, "Basi mawe na miti na mavumbi vilitupwa majini kweli kweli."

Wasomaji wetu, lipimeni neno hilo. Vitani watu huiba mali, huchoma nyumba, huua wakazi. Mambo hayo mtu yeyote aweza kuyabashiri bila kuwa nabii. Lakini kuukusanya mji mzima, mawe na mbao hata vumbi lake, na kuutupa baharini, ni jambo ambalo washindi hawana desturi ya kulifanya. Ezekieli alilitamka akiwa mateka katika nchi ya Babeli, zaidi ya miaka 250 kabla Aleksanda hajafika pwani ile.

Tungaliweza kuishia hapo na kurudi nyumbani na ushindi. Lakini usiku ule, nyumbani mwa wageni, Mzee aliomba tumsomee kitabu cha Ezekieli kwa kufuatana, wala tusirukeruke. Tukasoma mlango wa 26 tena, tukaona kwamba nabii anamtaja kwa jina Nebukadreza, mfalme wa Babeli, kuwa ndiye atakayeujia mji. Aleksanda hakutajwa. Tukaendelea mpaka mlango wa 29, na hapo tulikuta maneno ambayo hatukuwahi kuyafundisha, kwa kuwa hatukuwa tumeyaangalia.

Nebukadreza aliuzingira Tiro kwa miaka 13, kama asimuliavyo Yusufu, mwandishi wa historia ya Wayahudi. Mwishowe watu wa kisiwa walikubali kuwa chini yake, lakini hazina ya mji hakuipata. Ezekieli mwenyewe, miaka 16 hivi baada ya unabii wa kwanza, anaandika habari hiyo waziwazi: ya kuwa mfalme wa Babeli aliwatumikisha askari wake utumishi mgumu juu ya Tiro, hata vichwa vikaota upara na mabega yakachubuka, wala yeye na jeshi lake hawakupata mshahara kwa kazi ile. Mzee aliposikia habari za mabega, alisema, "Hao walikuwa wapagazi kama babu zetu wa njia ya Bagamoyo. Walibeba, na hawakulipwa."

Tulikaa kimya. Halafu tulitambua jambo lililotupa faraja kuliko nguzo na mawe yote tuliyoyaona. Kama Ezekieli angalikuwa mdanganyifu, au kama wanafunzi wake wangalitaka kuusaidia unabii kwa hila, mlango wa 29 ungalifutwa. Ilikuwa rahisi kuandika kwamba Nebukadreza alipata kila kitu, na jambo likaisha. Lakini waliokitunza kitabu hiki hawakuthubutu kuongeza neno wala kupunguza neno. Waliliacha neno la kwanza kama lilivyo, na neno la pili kama lilivyo, wakamwachia Mungu kulitimiza neno lake kwa wakati wake na kwa mkono wa amtakaye. Mwongo hujitetea, shahidi wa kweli husema alichopewa. Mtume Petro anafundisha katika waraka wake wa pili kwamba unabii haukuletwa kwa mapenzi ya mwanadamu, bali wanadamu walinena yaliyotoka kwa Mungu, wakiongozwa na Roho Mtakatifu. Katika mlango ule wa 29 tulimwona mtu wa namna hiyo: halindi sifa zake, analilinda neno la Bwana wake.

Nalo neno la kwanza halikumtegemea mfalme mmoja. Lilisema mataifa mengi, kama mawimbi. Walikuja Wababeli, wakaja Wayunani, wakaja Warumi, Waarabu, Wazungu wa msalaba, Wamamluki na Waturuki. Wimbi moja haliuvunji mwamba; mawimbi ndiyo hula mwamba. Tiro malkia wa bahari, aliyesema moyoni kwamba ni mungu, hakurudi. Biashara kubwa ya bahari ilihamia Aleksandria, mji wa Misri ulioanzishwa na yule yule Aleksanda.

Lakini mtu atauliza kama alivyouliza kijana wetu: mbona watu wamo, na nabii alisema mji hautajengwa tena? Wafasiri wengine hujibu kwamba mji wa bara uliotupwa baharini ndio ambao haukusimama tena, na ya kuwa ufalme ule wa kiburi ndio uliokwisha. Wengine hutukumbusha mlango wa 18 wa Yeremia, ambapo Bwana asema kwamba akinena juu ya taifa ili aling'oe, nalo likageuka, ataghairi mabaya aliyokusudia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Ninawi katika siku za Yona. Sisi twaongeza kwamba nabii mmoja hatoshi bila mwenziwe. Isaya naye alinena juu ya Tiro katika mlango wake wa 23. Alitangaza maangamizi, kisha akasema kwamba baada ya miaka 70 Bwana ataujilia tena mji huo, utarudia biashara yake, na mwisho faida ya biashara hiyo itawekwa wakfu kwa Bwana. Asomaye Ezekieli peke yake huona moto. Asomaye na Isaya huona kwamba baada ya moto kuna mlango uliobaki wazi.

Je, mlango huo ulifunguliwa? Siku ya tatu, asubuhi, tulishuka ufuoni palipo mchanga mrefu mweupe, tukasoma Matendo ya Mitume mlango wa 21. Merikebu ya Paulo ilitia nanga Tiro ili kushusha shehena. Mtume aliwakuta wanafunzi hapo, akakaa nao siku saba. Alipoondoka, walimsindikiza wote, pamoja na wake zao na watoto wao, hata nje ya mji, wakapiga magoti pwani wakaomba. Tangu zamani Bwana mwenyewe alikuwa amefika mipakani mwa Tiro, akamponya binti wa mama mmoja wa nchi ile. Na alisema kwamba kama Tiro ungalizipata ishara walizozipata wengine, ungalitubu zamani. Nasi tulipiga magoti mchangani, watu wawili weusi kutoka mbali. Watoto waliokuwa wakicheza mpira walisimama wakatutazama, kisha wakaendelea na mchezo wao.

Yapata mwaka 315 Wakristo wa Tiro walijenga kanisa kubwa mahali pa lile lililobomolewa wakati wa mateso, na Eusebius, askofu wa Kaisaria, alihubiri siku ya kuliweka wakfu. Na katika karne ile ile ya nne, mtu mmoja wa Tiro alisafiri kwa bahari pamoja na vijana wawili wa jamaa yake, Frumentius na Aedesius. Walipokuwa wakirudi, merikebu yao iliingia bandari ya Bahari ya Shamu, nao wakashambuliwa. Watu wote wakauawa, wakaachwa wale vijana wawili tu. Wakapelekwa kwa mfalme wa Aksum, katika nchi ya Uhabeshi, wakamtumikia kwa uaminifu. Frumentius akawakusanya wafanyabiashara Wakristo waliokuwako ili wapate mahali pa kusali. Baadaye alikwenda Aleksandria kwa Askofu Athanasius kuomba mchungaji wa watu wale, naye Athanasius akamweka yeye mwenyewe kuwa askofu, akamrudisha. Katika siku zake mfalme Ezana aliamini, na sarafu za Aksum zikapigwa chapa ya msalaba. Wahabeshi humwita Frumentius Abba Salama, yaani Baba wa Amani. Aedesius alirudi Tiro, akawa kasisi huko, na ndiye aliyemsimulia mwandishi Rufinus habari hii.

Wasomaji, fikirini! Mji ambao Ezekieli aliulilia, faida yake ya baharini ilikuwa vijana wawili, na vijana hao waliwekwa wakfu kwa Bwana kwa ajili ya Afrika. Zaburi ya 87 inautaja Tiro pamoja na Kushi, ikisema watahesabiwa kuwa wazaliwa wa Sayuni. Tuliposhuka tena Addis Ababa katika safari ya kurudi, tulisikia kengele za kanisa kabla ya mapambazuko. Mzee akasema, "Mwalimu, sauti hii ilitoka kule kwenye nyavu."

Tulipofika nyumbani hatukungoja Jumapili. Tulikwenda kwa wazazi wa yule kijana, tukapokewa, tukaketi. Mbele ya baba yake na mama yake tulimwambia, "Mwanangu, uliuliza aliyekosa ni nani. Ni sisi. Tulikufundisha neno ambalo Biblia haikulisema, tukaliweka juu ya lile iliyosema. Utusamehe." Baba yake aliinamisha kichwa. Kijana akauliza kama ni kweli nyavu zipo. Tukamwambia zipo, tukamweleza habari za mawe yaliyo chini ya barabara, za askari waliochubuka mabega, na za Frumentius. Alisikiliza, kisha akauliza maswali mengine matatu, magumu kuliko la kwanza. Jumapili alikuja darasani. Mwaka uliofuata alibatizwa, na hata leo hajaacha kuuliza.

Yako maneno mawili tunayotaka kuwaachia walimu wenzetu. La kwanza: unabii hauna haja ya kusaidiwa na uongo wetu. Neno lililotoka kwa Mungu lina miguu yake. Tukilibeba kwa hila twalichafua. Someni mlango mzima, na mlango unaofuata, na nabii mwingine pia, ndipo mseme. Kuuliza si ujinga, na mtoto aulizaye si adui wa imani.

La pili: hukumu ya Mungu si kitu cha kushangilia. Tangu safari yetu, vita vimeifikia Tiro tena. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 mabomu yaliuangukia mji ule, nyumba zikaporomoka, na watu wakakimbia. Tulisikia wengine wakisema kwamba huo ndio unabii unaotimia. Ndugu, msiseme hivyo. Ezekieli aliamriwa auimbie Tiro maombolezo, hakuamriwa aucheke. Sisi tulipoziona zile habari tulimkumbuka mvuvi mzee na wavu wake, na neno aliloomba tuwafikishie. Basi tunawafikishia: watu wanaishi pale. Katika sala zenu za jioni, nyumba kwa nyumba, watajeni kwa Mungu.